Bukavu: Gute ya mtoto anayetoka shuleni inapikwa jana yake jioni

Mtoto wa zamu ya asubuhi anafika nyumbani karibu saa saba mchana. Katika nyumba nyingi za Kivu, chakula kinaiva saa mbili usiku. Katikati kuna saa saba za njaa, masomo ya kurudilia na michezo. Wazazi wengi wanazifunika kwa noti ndogo ya kununua biskuti mlangoni mwa shule. Lakini viazi vitamu, soya, karanga, ndizi na sambaza vinaweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi, hata kwa mzazi anayeshinda kazini.

Ikikaribia saa saba mchana, mteremko wa Kadutu unajaa mashati meupe na kaptula za buluu. Watoto wa zamu ya asubuhi wanashuka, wale wa zamu ya mchana wanapanda. Pembeni mwa barabara, akina mama wametandika meza ndogo: mandazi, biskuti, bonbo, maji ya rangi na sukari katika vifuko vya plastiki. Mwenye noti anasimama. Asiye na noti anasimama pia, anatazama, kisha anaendelea na njia.

Kwa muda mrefu nilipita pale bila kuwaza sana. Nimeanza kuwaza kwa sababu ya kalamu.

Ilikuwa mwaka 2025, miezi ile benki za Goma na Bukavu zilipofungwa na mishahara ikawa jambo la kusubiri. Kila nyumba ilikata kitu. Sisi tulikata, pamoja na mengine, ile noti ya franka 500 ambayo mtoto wangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa akipewa kila asubuhi. Hakulalamika. Lakini katika wiki mbili alirudi nyumbani mara tatu bila kalamu. Mara ya kwanza nilinyamaza, mara ya pili nikamgombeza. Mara ya tatu nilikuwa natafuta fimbo wakati dada yake mkubwa aliponiambia kwa sauti ya chini:

« Mama, hazipotei. Anaziuza. Ananunua mandazi. »

Niliketi. Mtoto alikuwa ametafuta suluhisho la njaa yake, na mimi nilikuwa natafuta fimbo.

Saa zisizo na jina

Tuhesabu pamoja. Mtoto anakunywa chai saa kumi na mbili asubuhi, mara nyingi na kipande cha mkate, mara nyingine chai tupu. Kama hakuna kitu hadi chakula cha usiku, amekaa saa kumi na nne. Mtu mzima anaweza kuvumilia. Mtoto ana tumbo dogo ambalo halibebi akiba ya siku nzima, na ubongo wake, kwa kuwa bado unajengeka, unakula sehemu kubwa ya nguvu za mwili kuliko ubongo wetu sisi wakubwa. Ndiyo maana yule aliyekuwa anacheka asubuhi anakuwa mkali mchana, analia kwa jambo dogo, au anasinzia juu ya daftari. Tunamwita mvivu, kumbe ana njaa.

Mambo mawili yamefanya saa hizo kuwa ndefu. La kwanza ni zamu. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia darasani. Hiyo ni habari njema. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ile ile, na shule nyingi za mjini zinafundisha kwa zamu mbili. Mtoto wa zamu ya mchana ana shida ya upande mwingine: anaondoka nyumbani kabla chungu hakijawekwa motoni, anarudi jua linazama.

La pili ni hali ya nchi. Hesabu ya IPC iliyotolewa Machi 2025 ilisema zaidi ya watu milioni 27 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hawana chakula cha kutosha, na mikoa ya mashariki ni kati ya ile inayoumia zaidi. Katika nyumba nyingi chakula cha kweli ni kimoja kwa siku, na kinaliwa usiku.

Kivu inajua njaa ya watoto vizuri hata ikaipa jina. Ugonjwa ambao madaktari wanauita kwashiorkor, sisi tunauita bwaki. Katika miaka ya 1960 ilizaliwa hapa Bukavu kamati iliyobeba neno hilo katika jina lake, Comité Anti-Bwaki, na moja ya mambo yaliyohubiriwa vijijini tangu wakati ule ni soya. Gute, kile kitu kidogo cha kula kati ya milo, haiponyeshi bwaki. Mtoto ambaye miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi na hataki tena kucheza, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Hapa tunazungumza juu ya mtoto mzima wa afya ambaye ana njaa tu, kila siku, saa ile ile.

Noti ya mlangoni inanunua nini?

Sitawasema vibaya akina mama wa meza. Wengi wao wanalisha watoto wao kwa meza ile. Mandazi yao yanashibisha, na siku ambayo sina kitu ninawashukuru. Shida ni vile vingine. Bonbo na maji ya rangi ni sukari: mtoto anachangamka nusu saa, kisha njaa inarudi na nguvu zaidi. Maji yenyewe hatujui yametoka wapi, na katika miji yetu ambapo kolera hairudi nyuma kabisa, jambo hilo si dogo.

Noti ile ile, ikikusanywa kwa siku sita za masomo, inanunua karanga, soya au viazi vitamu vya kutosha watoto wawili au watatu. Nilikuwa ninalijua hilo, kama mama wengi. Kwa nini basi hatufanyi? Jibu langu lilikuwa: sina muda wa kupika mchana. Jibu la jirani yangu lilikuwa: makala.

Majibu yote mawili ni ya kweli. Kuwasha mbabula mara ya pili kwa ajili ya gute peke yake ni hasara. Makala yanapanda bei kila mvua ikiharibu barabara, na kila gunia ni miti iliyokatwa, mara nyingine ndani ya Kahuzi-Biega au Virunga. Tena nani atawasha? Mtoto wa miaka tisa aliye peke yake na dada yake wa kumi na mbili? Hapana. Moto umeunguza watoto wengi, na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Mama yangu, tate yao, ndiye aliyenipa ufunguo. Alilea watoto sita Walungu, na alikuwa anashinda shambani. Nilipomweleza habari ya kalamu, alicheka kidogo, kisha akaniuliza:

« Na moto wako wa jioni, mwanangu, ukimaliza kupika unaufanyia nini? »

Nilimwambia ninauacha uzimike.

« Basi, » akasema, « hapo ndipo chakula chao kinapotea. »

Ni hivyo tu. Gute ya leo inaiva juu ya moto wa jana. Maharagi yakiisha kuiva, makaa yanabaki na joto la saa nzima au zaidi. Joto hilo limekwisha kulipwa. Na chakula kilichoiva usiku kinamkuta mtoto tayari mchana, bila kiberiti, bila kisu kikali, bila mkubwa.

Haya ndiyo tunayofanya nyumbani sasa. Hakuna kilicho kigeni. Karibu yote mnayajua. Mpangilio ndio mpya.

1. Viazi vitamu ndani ya ganda, na karanga

Ndiyo rahisi kuliko yote. Osha viazi vitamu, usivimenye. Vipike kwa maji kidogo na mfuniko juu ya makaa ya jioni, dakika 30 hadi 40 kulingana na ukubwa. Mwaga maji, acha vipoe, viweke katika kikapu na kufunika kwa kitambaa safi. Ganda linavilinda hadi mchana. Mtoto anamenya mwenyewe na kula na konzi ya karanga za kukaanga au kijiko cha karanga zilizosagwa.

Ukipata sokoni vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, chukua hivyo. Rangi hiyo ndiyo dalili ya vitamini A, ambayo inalinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Karanga zinaongeza mafuta, na bila mafuta mwili unashika vitamini A kidogo tu. Kwa hiyo viwili hivyo havikukutanishwa kwa bahati.

2. Uji wa masoso

Masoso ni mahindi, soya na sorgo. Ukinunua unga tayari sokoni, ni vizuri. Ukitengeneza mwenyewe unajua kilichomo. Sisi tunachukua vipimo viwili vya mahindi, kimoja cha sorgo na kimoja cha soya.

Kazi kubwa iko katika soya. Chagua mawe, osha, anika ikauke, kisha kaanga bila mafuta ukigeuza-geuza dakika 15 hadi 20, hadi iwe kahawia na harufu ya majani mabichi iondoke, ibaki harufu kama ya karanga. Soya isiyoiva inaumiza tumbo na inazuia mwili kushika protini yake yenyewe; mzazi anadhani analisha, kumbe sivyo. Sugua ganda litoke, changanya na nafaka, peleka kwenye mashini. Unga ukae katika kopo kavu lenye mfuniko, na uishe katika mwezi mmoja, kwa kuwa mafuta ya soya yanaharibika.

Kwa watoto wanne: koroga kikombe kimoja na nusu cha unga katika maji baridi kwanza, mimina katika vikombe sita vya maji yanayochemka, pika dakika 20 ukikoroga. Sukari kidogo, au ndizi mbivu iliyopondwa mahali pa sukari.

Uji ni gute moja tu ambayo haipikwi jioni. Pika asubuhi kwenye moto wa chai. Osha termosi kwa maji ya moto sana, mimina uji ukiwa bado unachemka, funga. Saa saba mchana mtoto ataukuta wa moto. Usiweke uji wa jana usiku katika termosi hadi leo mchana: ukishakuwa vuguvugu, hapo ndipo vijidudu vinazaana.

3. Mandazi ya viazi vitamu

Hii ni ya Jumamosi jioni, inakula Jumapili na Jumatatu. Unga wa ngano ni ghali na unatoka mbali. Viazi vitamu vinapunguza nusu yake, tena vinapunguza sukari.

Chukua nusu kilo ya viazi vitamu vilivyopikwa na kumenywa, uviponde vizuri visiwe na vipande. Ongeza nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha levire, vijiko viwili vikubwa vya sukari na chumvi kidogo. Kanda. Ongeza maji kijiko kwa kijiko tu, kwa sababu viazi vina maji yao. Hapa ndipo wengi wanakosea na donge linakuwa uji. Funika saa nzima. Kata vipande vya ukubwa wa yai dogo, kaanga katika mafuta ya moto wa wastani. Utapata kama mandazi 30. Mafuta yakiwa meusi na kutoa moshi, yamwage, usiyarudilie wiki nzima.

4. Mkate wa ndizi ndani ya jani

Ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi, ambazo muuzaji anakupa kwa bei ya kuondoa, ndizo zinazotakiwa. Ponda ndizi nne, changanya na kikombe kimoja cha unga wa mahindi na chumvi kidogo, hadi iwe donge laini. Pitisha majani ya mgomba juu ya moto yalainike, funga donge ndani kama vifurushi vidogo, kaza kwa kamba ya mgomba.

Mama yangu anaviweka juu ya maharagi, ndani ya sufuria ile ile, maharagi yakibakiza dakika 45 kuiva. Mvuke unavipikia bure. Asubuhi vimekuwa vigumu kidogo na vitamu bila sukari hata punje. Watoto wangu wanapigania hivi.

Wengine wanatumia unga wa muhogo. Ni vizuri, lakini muhogo mchungu uwe umeloweshwa siku tatu na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa. Haraka katika kazi hiyo ndiyo inayoleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao Kongo inaujua tangu miaka ya 1930 na ambao umeonekana hata Kivu ya Kusini katika miaka ya vita.

5. Sambaza na limau

Sambaza hazikuwa katika ziwa Kivu tangu zamani. Zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni nyama ya maskini kutoka Goma hadi Bukavu. Chukua zilizokauka, toa mchanga, zikaange bila mafuta juu ya makaa ya mwisho hadi zilie kama majani makavu. Chumvi, pilipili kidogo kwa wanaoipenda, limau wakati wa kula. Mtoto anazila nzima, na mifupa yake midogo ndiyo kalsiamu ya meno na mifupa yake yeye. Konzi moja na kiazi kimoja baridi au kipande cha kwanga, na njaa imeisha hadi jioni.

6. Mkate, avoka, maharagi

Siku ambayo umechelewa na hakuna kilichopikwa, kipande cha mkate na nusu avoka yenye chumvi ni gute kamili. Maharagi yaliyobaki pia yanapondwa na kupakwa kwenye mkate, lakini yawe yamechemshwa tena asubuhi hadi yatoe povu, siyo kupashwa tu. Kituo cha INERA Mulungu, katika Kabare, kimesaidia kueneza mbegu za maharagi yenye chuma nyingi, na chuma ndiyo inayojenga damu. Mpe mtoto na chungwa au maji ya limau, vinasaidia mwili kuishika. Chai ya majani inaizuia. Iache kwa saa nyingine.

Kila mji na kikapu chake

Niliyoandika ni ya Bukavu. Msomaji wa Uvira au Baraka ataweka ndagala mahali pa sambaza, na mchele wa bonde la Ruzizi mahali pa viazi: wali uliobaki, ukichanganywa na karanga zilizosagwa na kufinyangwa kama mayai, unaliwa kwa mkono, ila uliwe mapema asubuhi kabla ya zamu ya mchana, kwa kuwa wali hauvumilii joto. Butembo na Lubero wana avoka na viazi vya Ulaya. Goma ina viazi, maharagi na, kwa mwenye uwezo, fromaji ya Masisi. Kipande kidogo chake ndani ya kiazi cha moto kinamfurahisha mtoto yeyote. Idjwi wana mananasi. Beni wana ndizi na mawese: ndizi za kuchoma zilizopakwa mawese mekundu zina vitamini A pia, mradi mawese yasichomwe hadi yawe meupe, kwa kuwa wekundu wake ndio vitamini yenyewe. Kindu na Lubumbashi, muhogo mtamu wa kuchemsha na karanga haumhitaji mwandishi kuusifu.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni karanga. Zile zenye ukungu, zilizonyauka au zenye rangi ya kijani na nyeusi zitupwe, hata kama ni nusu ya kipimo. Ukungu wake unatoa sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi. Tena karanga nzima zisipewe watoto chini ya miaka mitano, zinaweza kuwakaba koo. Kwao, zisage.

La pili ni mikono. Mtoto anayetoka shuleni ameshika mengi njiani. Kabla ya kufungua kikapu, maji na sabuni. Kama sabuni imekwisha, majivu yanasaidia. Sisi tumeweka kibuyu cha maji mlangoni, na kikapu kiko nyuma yake, kwa makusudi.

La tatu ni kipimo. Gute si chakula cha pili. Kama kuna watoto watatu, gawa tangu usiku katika bakuli tatu. Mkubwa akigawa mchana, tunajua mdogo atapata nini.

Kwa mtoto wa zamu ya mchana mambo yanageuka: ale gute kabla ya kuondoka, karibu saa tano, na abebe kitu kikavu cha saa ya rekreasio. Mahindi na karanga za kukaanga zikifungwa katika karatasi haziharibiki, hazimwagiki juu ya daftari. Jirani yangu, ambaye watoto wake wako zamu hiyo, anaziita petroli ya saa tisa.

Kikapu cha nyuma ya kibuyu

Nyumbani kwangu kazi hiyo inachukua dakika kumi au kumi na tano za jioni, na inaombwa na watoto wenyewe. Binti anachagua karanga, kaka yake anaosha viazi. Wiki za kwanza nilisahau mara mbili. Sikusahau ya tatu, kwa sababu walikuja wote wawili kusimama mbele ya mbabula wakati nilipotaka kumwagia makaa maji.

Kalamu haijapotea tena. Lakini siku moja nilikuta ile karatasi ya karanga mfukoni mwa kaptula ikiwa tupu saa moja asubuhi, hata kabla ya kengele ya kwanza. Nikamuuliza kama njaa ilimshika njiani. Akasema hapana, amempa mwenzake wa benchi moja, yule aliyekuwa ananunua kalamu. Kumbe naye alikuwa anapewa noti nyumbani bila kupewa chai.

« Mama, uongeze kidogo tu, » akasema. « Mkono mmoja. »

Tangu siku hiyo ninaweka mikono miwili. Sio kila siku. Kuna jioni ambazo sufuria inatosha chakula cha usiku peke yake, na makaa yanazimika bila kitu juu yake. Siku hizo ninamwambia mapema, kabla hajavaa viatu, kwamba leo kikapu ni kitupu, tutakula mapema usiku. Anaitika. Ninapendelea ajue asubuhi kutoka kinywani mwangu, kuliko kukigundua mchana peke yake.